Kabati la Dawa la Kolwezi na Mwenye Ufunguo

Anayejiwekea dawa za dharura mahali ambapo daktari hapatikani kwa kawaida huanza na orodha: vidonge vya malaria, bandeji, spiriti, dawa ya maumivu, pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini. Orodha ni jambo jema, lakini historia ya Kolwezi inaonyesha kwamba ni jambo la pili. Mji huu wa shaba, ulioanzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kuwa makao ya migodi yake ya magharibi, ulijaliwa akiba ya dawa ambayo miji mingi ya Kongo haikuwahi hata kuiota. Hata hivyo kila msukosuko ulipoukumba, kupona kwa mtu hakukutegemea sana kilichokuwa kabatini. Kulitegemea nani ameshika ufunguo, amefundishwa kufanya nini bila kumsubiri daktari, na chupa ikiisha nani ataleta nyingine. Hoja yangu ni kwamba mkoa wake wa Lualaba ulikawia kujifunza jambo hili kwa sababu kampuni ilifanya kazi hiyo vizuri mno kwa niaba yake, na gharama ya ukawiaji huo inalipwa hadi leo na watu wasio na matrikule, yaani namba ya mfanyakazi, ya kampuni yoyote.

Ushahidi wa kwanza unatangulia kuzaliwa kwa mji wenyewe. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni William Stairs, wenye mamia ya wapagazi kutoka Zanzibar na pwani, ulikwenda Bunkeya kumtaka Msiri, mtawala wa huko, akubali bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Ulikuwa na bahati ambayo misafara mingi haikuipata: daktari, Joseph Moloney, pamoja na masanduku yake ya dawa. Zama zile kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ilikuwa ikiwauzia wasafiri masanduku ya vidonge vilivyoshindiliwa kwa kipimo, na Stanley ni mmoja wa waliovibeba. Uvumbuzi huo ulikuwa mzito kuliko unavyoonekana, maana kidonge kikishapimwa kiwandani, mizani ya mfamasia haina kazi tena porini, na mtu asiye daktari anaweza kumpa mgonjwa kwinini bila kumwua. Lakini Msiri alipopigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, watu wa Bunkeya walitawanyika, chakula kikaadimika, na maradhi yakawaandama wapagazi. Wakuu wa msafara nao wakalala kwa homa, Stairs akiwemo, hata ikabidi daktari ashike uongozi. Stairs alifia Chinde, mlangoni mwa Zambezi, Juni 1892, kwa malaria ile ile ambayo dawa yake ilikuwa sandukuni. Wapagazi waliozikwa njiani hawakupata hata heshima ya kutajwa kwa majina. Daktari alikuwepo na dawa zilikuwepo. Kilichokatika ni vile vinavyoibeba dawa mgongoni, yaani chakula, mapumziko na njia ya kupata nyingine.

Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906 ilijifunza somo hilo kwa hesabu ya fedha. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la kuyeyushia shaba likawashwa. Wafanyakazi walioandikishwa mbali, wengine kutoka nchi za joto za mabondeni, waliletwa kwenye nyanda za juu zenye baridi kali ya usiku, wakalazwa wengi chumba kimoja, wakala wasichokizoea. Nimonia, kuhara na homa ya matumbo viliwafyeka, na homa kuu ya mafua ya 1918 ikaongeza yake. Kila aliyekufa au kutoroka ilibidi mwingine atafutwe, asafirishwe, afundishwe, nayo ni gharama. Ndiyo sababu kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1920 kampuni ikaacha mtindo wa kuchukua watu kwa miezi michache, ikaanza kuwaweka na wake zao na watoto wao kambini. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa miongoni mwa wasanifu wa siasa hiyo, hakuitazama afya kama kazi ya hospitali peke yake: posho ya chakula, nyumba, uzazi, kliniki ya watoto wachanga, vyote vilikuwa sehemu ya tiba. Vifo vilishuka sana. Kolwezi ilipojengwa ilizaliwa ndani ya mpango huo ukiwa umekwisha kukomaa, zahanati ikiwa kambini, hospitali ikiwa mjini, na bohari ikijazwa kwa reli na kampuni yenye uwezo wa kuagiza popote duniani.

Mpango ule ulikuwa na mipaka miwili, na yote miwili ina uzito katika hoja hii. Mpaka wa kwanza ulikuwa wa nani ahudumiwe. Aliyekuwa na matrikule alikuwa na haki, na mkewe na watoto wake vivyo hivyo. Mwanakijiji wa ng'ambo ya uzio aliachiwa serikali na wamisionari, na hao walikuwa wachache na mbali. Kapanga, katika nchi ya Waruund, daktari Mmethodisti Arthur Piper kutoka Marekani alihudumia peke yake eneo ambalo kwa ukubwa wake lingehitaji madaktari kadhaa. Mpaka wa pili ulikuwa wa nani aamue. Muuguzi Mkongomani alichoma sindano, alifunga vidonda, alisimamia foleni ya asubuhi, na mara nyingi alimjua mgonjwa kuliko daktari alivyomjua. Uamuzi ulibaki wa daktari, na daktari alikuwa Mzungu. Hadi uhuru mwaka 1960 Kongo nzima haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja aliyehitimu kwa mujibu wa sheria. Walikuwepo wasaidizi wa madaktari zaidi ya 100, watu waliosoma miaka mingi na kufanya kazi nyingi za udaktari bila cheo chake.

Julai 1960 sehemu kubwa ya nchi ilipata mtihani bila kujiandaa. Madaktari wa Kibelgiji walikuwa zaidi ya 700, na wengi wao wakaondoka katika muda wa wiki chache. Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu walileta timu za dharura, lakini mikono iliyobaki wodini ilikuwa ya wauguzi na wasaidizi wale wale, ambao sasa walilazimika kuamua mambo waliyozoea kuamuliwa. Wasaidizi wapatao 60 walipelekwa Ufaransa wakamalizie masomo warudi madaktari kamili. Somo liliingia kwa uchungu: huduma ya afya ya Kongo isiyosimama juu ya muuguzi haitasimama kabisa. Katanga, hata hivyo, ilikuwa imejitenga tarehe 11 Julai chini ya kiongozi wake Tshombe, ikiwa na jeshi lake, Wabelgiji wake na mapato ya Union Minière. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia Kolwezi Januari 1963, ngome ya mwisho ya Tshombe, kampuni na hospitali zake zilikuwa bado zinafanya kazi. Kwa mgonjwa wa siku ile ilikuwa neema, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema afadhali wangekufa watu ili mji ujifunze. Lakini mtihani uliowakuta Wakongomani wengine mwaka 1960 uliahirishwa Kolwezi kwa miaka 30.

Walioufanya mtihani mapema walipata jibu lenye kufundisha. Mto Lualaba ukiufuata kaskazini, unafika Kasongo, Maniema, ambako kuanzia mwaka 1971 madaktari wachache waliohusiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp walijaribu jambo lililoonekana la hatari: vituo vya afya vinavyoendeshwa na wauguzi, vikiwa na dawa chache zilizochaguliwa, na karatasi zinazomwongoza muuguzi hatua kwa hatua. Mtoto ana homa? Ana degedege? Anapumua kwa shida? Kila jibu linampeleka kwenye hatua inayofuata, hadi kwenye dawa au kwenye rufaa hospitalini. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, na Septemba 1978 mkutano wa Alma-Ata ukaifanya huduma ya msingi kuwa siasa ya dunia. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokwenda mbali katika njia hiyo, ikaigawa nchi nzima katika zoni za afya, zaidi ya 300 katika miaka ya 1980, kila kituo kikiwa chini ya muuguzi msimamizi ambaye watu wa sekta hiyo humwita kwa kifupi IT (infirmier titulaire). Kolwezi ilihesabiwa ndani ya ramani hiyo kama wengine, lakini Gécamines, mrithi wa Union Minière tangu serikali ilipoitaifisha mwaka 1967, iliendelea na hospitali zake na bohari zake. Kwa nini mwenye kitanda cha kampuni ahangaike na kituo kidogo cha mtaani chenye dawa chache?

Onyo lilikuja mapema kuliko watu walivyodhani. Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FLNC waliotoka Angola waliuteka mji; tarehe 19 askari wa miamvuli wa Ufaransa walishuka, na Wabelgiji wakafuata. Waliouawa ni Wazungu zaidi ya 100 na mamia ya Wakongomani. Katika siku sita kama zile, ambapo kuvuka barabara ni kuhatarisha roho, hospitali iliyo umbali wa kilomita mbili haina tofauti na iliyoko Brussels. Kinachomfaa majeruhi ni kilichopo mtaani kwake na jirani anayejua kukitumia. Wageni wakahamishwa kwa ndege, kisha mitambo ikawashwa tena, mishahara ikalipwa, na ukurasa ukafungwa.

Haukufungwa vizuri, kwa kuwa yaliyofuata hayakuwa ya siku sita. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986, ilishuka hadi takriban tani 30,000 katikati ya miaka ya 1990, na kampuni isiyouza shaba hainunui dawa. Juu ya hayo siasa iliingiza mkono wake. Mwaka 1992 na 1993, chini ya Gavana Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, na Kolwezi maelfu kwa maelfu yao walilala kituo cha reli wakisubiri treni isiyokuja, watoto wakifa mikononi mwa mama zao. Madaktari Wasio na Mipaka kutoka Ubelgiji walikuja na vifaa vyao. Wakasai walikuwa sehemu kubwa ya watumishi wenye ujuzi wa Gécamines na wa ofisi za mji. Walipopandishwa mabehewa, mji ulitoa nje watu waliojua kazi, na ukabaki na majengo. Hili ndilo tukio ninaloliona kuwa na uzito kuliko mengine yote katika historia hii, na silioni likitajwa inavyostahili na wanaopanga akiba za dharura. Dawa inaweza kuagizwa upya kwa ndege. Muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 15 hana bohari. Kisha mwaka 2003, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walichukua malipo yao na kuondoka kwa kile kilichoitwa hiari. Pamoja na kazi waliacha matrikule, na pamoja na matrikule kitanda cha hospitali. Wengi wao, na watoto wao, waliingia kwenye machimbo kuchimba kobalti kwa mikono, kazi yenye ajali nyingi kuliko ile waliyoiacha, na safari hii pasipo zahanati kambini.

Wapo watakaosema nawaonea wazee wa kampuni, kwamba hakuna mpango wa vituo vya wauguzi uliowahi kumpa Mkongomani wa kawaida alichokipata mfanyakazi wa Gécamines wa mwaka 1975. Ni kweli tupu, na anayeongea na wastaafu wa Kolwezi huwasikia wakiukumbuka wakati ule kwa haki yao. Sipingi ubora wake. Ninachopinga ni kuuchukulia ubora wa siku za neema kuwa maandalizi ya siku za dhiki. Akiba ya dharura hupimwa siku mwenye mali amefilisika, barabara imefungwa, au mtunza bohari amefukuzwa, na kwa kipimo hicho mpango mkubwa wenye mlango mmoja una udhaifu ambao vituo 20 vidogo havina.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Kama tatizo ni mlango mmoja, kwa nini tusigawe dawa moja kwa moja, kila kaya na kila shimo la machimbo liwe na sanduku lake? Kwa vitu fulani jibu ni ndiyo bila kusita. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu wakati wa kipindupindu, akawapa ndugu za wagonjwa maji yenye chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi: hapo daktari hahitajiki. Lakini tuangalie dawa nyingine iliyotumainiwa vivyo hivyo, artesunate ya kupitishia njia ya haja kubwa, ya kumpa mtoto mwenye malaria kali kabla hajafikishwa hospitalini. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2009 lilionyesha inaokoa. Ilipogawiwa kwa wahudumu wa vijiji katika mradi uliofuatiliwa Kongo, Nigeria na Uganda kati ya 2018 na 2020, vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa, kwa sababu watoto wengi hawakufikishwa hospitalini, au walifika wasimaliziwe tiba. Januari 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi zisipanue kwanza matumizi yake, kisha likatoa mwongozo mpya wenye kusisitiza mlolongo mzima wa huduma. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni kilichoizunguka, kama kule Bunkeya. Na anayeweka nyumbani antibiotiki za sokoni, nusu dozi leo na nusu kesho, hajajiwekea akiba. Amejinunulia usugu wa vijidudu, kama dawa yenyewe si ya bandia.

Ajali za mkanda wa shaba zinaonyesha pia kwamba orodha yenyewe hutungwa na mahali. Tarehe 20 Februari 2019 lori lililobeba asidi ya salfuriki lilipata ajali karibu na kijiji cha Kabwe, kwenye barabara inayoelekea Kolwezi, na watu wapatao 20 wakafa, baadhi kwa kuunguzwa na asidi. Dawa ya kwanza ya asidi mwilini ni maji, mengi, yanayotiririka, mara moja na kwa muda mrefu. Dakika zinazopotea kulisubiri gari la wagonjwa ndizo zinazokula nyama. Kijiji kilicho kando ya barabara ya malori hayo kinahitaji pipa la maji na watu wanaojua kwamba nguo zilizolowa zinavuliwa hapo hapo, kabla hakijahitaji daktari. Juni mwaka huo huo wachimbaji wapatao 43 walifukiwa katika eneo la mgodi wa Kamoto. Penye ajali za namna hiyo kinachohitajika ni machela, vitambaa safi, vigango na mtu anayejua kuikandamiza damu isitoke. Sanduku lililojazwa dawa za kikohozi halina habari na hayo.

Kuhusu wanaosema tusubiri tu, madaktari sasa ni wengi, vyuo vikuu vya Kongo vinawatoa kila mwaka, na Kolwezi yenyewe ina chuo kikuu: nawaunga mkono kwa kila kitu isipokuwa kusubiri. Daktari atakaa mjini, penye umeme na vifaa vya upasuaji, na anafanya vyema. Ajali itaendelea kutokea mbali.

Kielelezo cha kabati linalofaa kipo tangu mwaka 1990, katika shehena ya dharura iliyobuniwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine, ya kuhudumia watu 10,000 kwa takriban miezi mitatu. Waliobuni waliigawa kwa busara: makasha kumi ya msingi, kila moja la watu 1,000, yenye dawa za kumeza na za kupaka, yasiyo na sindano hata moja, kwa ajili ya mhudumu mwenye mafunzo machache; kasha la ziada, lenye vitu vizito, ndilo la daktari. Yaani walianza na mkono utakaolifungua. Tangu 2018 sheria ya madini ya Kongo inaitaka kila kampuni ya mgodi itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii jirani, na iandikiane mkataba wa majukumu na jamii hiyo. Fedha hizo hupenda majengo, maana jengo hukatiwa utepe na kupigwa picha. Wanaokaa mezani Kolwezi, Fungurume na Lubudi kuandika mikataba hiyo waandike kwanza wauguzi wangapi watalipwa katika kituo kilicho karibu na machimbo, nani atawafundisha upya kila mwaka, na kabati litajazwa tarehe gani ya mwezi na nani kama kampuni itashindwa. Na waandike waziwazi kwamba mlango wa kituo hicho hauulizi matrikule.